Moja kwa Themanini na Saba

Mchana natengeneza meno ya watu:
nta, plasta, faili, ufizi wa waridi,
chumba cha nyuma, ghorofa ya tatu, River Road.
Usiku, Buruburu, mikono ile ile
inajenga stesheni ya Makadara juu ya mlango.

Mlango wa kweli. Tuliung'oa bafu lilipokarabatiwa,
nikaulaza juu ya kreti nne za soda.
Kasyoka alingoja wiki nzima niutupe.
Sasa huupita kiubavu akienda kuanika,
na hajawahi kuangusha hata nguzo moja ya simu.

Kipimo ni moja kwa themanini na saba.
Yaani mtu wa futi sita
ni punje tatu za mchele, kichwa kwa mguu.
Yaani reli yetu, upana wa mita moja,
inabaki milimita kumi na moja na nusu,
na hiyo nusu
imeninyima usingizi kuliko deni lolote.

Mataruma yalikuwa ya chuma.
Vitabu vya Ulaya vilinidanganya mwaka mzima;
nilikwisha kubandika mia nne ya njiti za kiberiti
siku niliyokwenda mwenyewe kuchutama kando ya njia
nikagonga taruma kwa ufunguo wa nyumba.
Likalia.
Nikarudi, nikabandua yote mia nne,
nikayakata upya kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Kokoto: vumbi la mawe kutoka Mlolongo,
lililochekechwa kwa soksi ndefu ya Kasyoka (aliniuliza, nilikana).
Nyasi: katani ya Kariokor iliyolala ndani ya chai ya rangi,
maana Januari pale hakuna kijani.
Na kutu. Kutu haipakwi kwa haraka.
Chumvi kwanza, kisha rangi, kisha ukucha,
kisha unaondoka, unakwenda kula.

Stima ikipotea
garimoshi hukwama katikati ya daraja, giza, hakuna maelezo.
Hapo ndipo linapofanana sana na lenyewe.

Agosti nilidhani nimemaliza.
Nikamwita Mama Peresi, mteja wangu, meno sita ya juu,
aliyeuza mayai ya kuchemsha pale
enzi za treni ya saa kumi na mbili kasorobo.
Akavua viatu mlangoni kama anaingia kanisani.
Akainama. Akahesabu mabehewa kwa midomo.
Akaiona saa iliyokufa ukutani, akacheka
kwa meno yangu.
Kisha akanyamaza, akatafuta kitu.

"Mfereji uko wapi?"
Mfereji gani?
"Mfereji." Kidole chake cha mwisho kikagusa plasta
nyuma ya ofisi ya tiketi. "Hapa.
Haukufunga hata siku moja. Ulidondoka mchana, ulidondoka usiku.
Nilichemsha mayai kwa maji hayo."

Nikamwambia nimezipekua picha zote,
hakuna picha yenye mfereji.
"Mpiga picha alikuwa abiria," akasema.
"Sisi tulikuwa tunakaa."

Nilitumia sindano ya ganzi, ile nyembamba kabisa.
Nikaipinda juu ya mshumaa, ikavunjika;
nikaipinda nyingine.
Ndoo ni kifuniko cha tyubu, kimenolewa.
Chini yake nikalowesha udongo kwa vanishi
na kuchonga njia moja ya miguu, ya kwenda na ya kurudi.

Kilichobaki ni tone.
Gundi nyingi, linakuwa yai. Gundi kidogo, halionekani.
La kumi na saba, saa nane za usiku, pumzi nimeibana,
lilikaa kwenye ncha ya sindano
likashika mwanga wa taa, likakauka hivyo.

Asubuhi Kasyoka alipita kiubavu na karai la nguo.
Akasimama.
Akaliweka karai chini, taratibu,
akakinga kiganja.